Kibandani, Maji Yakijaa

Kijiko kiligonga ukingo wa kikombe mara moja, kisha kikanyamaza, kama kimeshikwa mkono. Bi Turubai alifungua macho gizani. Alijua ni binti yake yuko jikoni, anakoroga chai polepole ili asimwamshe, na uangalifu ule ulimgusa moyo kabla hata hajajifunua shuka.

"Nimeshaamka," alisema.

"Nimekuamsha mimi, Mama."

"Baridi ndiyo imeniamsha. Wewe na tumbo hilo ungekaa chini."

Bandarini kila mtu alimwita Bi Turubai. Kwa miaka mingi alishona maturubai ya kufunikia boti na mizigo kwenye chumba cha chini, akalala kwenye chumba cha juu. Sasa cherehani ilikuwa imefungwa blanketi na kamba karibu na mlango. Alasiri ya siku hiyo basi lingemchukua yeye na binti yake mpaka mji wa bara anakoishi binti, mbali kabisa na bahari. Safari ya kurudi haikuwa imepangwa.

Binti alikuja kumchukua mwenyewe, ingawa nesi alimwonya asikae kwenye basi muda mrefu. Mimba yake ya kwanza ilitoka. Hii ya pili aliibeba kama mtu aliyebeba beseni lililojaa maji, akiangalia kila hatua. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, leo yupo kesho hayupo. Binti alikuwa amesema kwenye simu, "Sitaki kujifungua mikononi mwa jirani," na Bi Turubai hakuhitaji kuambiwa mara mbili.

Alikunywa chai akiwa amesimama, akavaa koti.

"Unakwenda wapi na baridi hii?" binti aliuliza.

"Kuwaaga ndege."

"Ndege wanaagwa?"

"Nitawatazama tu, kisha nirudi tufunge vyombo."

Binti alifuta meza iliyokuwa safi. "Na yeye?"

"Leo yuko baharini. Ni siku ya kushughulikia boya. Nimechagua leo makusudi."

"Mama, sikukukataza kwa ubaya." Sauti ya binti ilishuka. "Lakini mtu wa rika la mume wangu, nimwite baba? Nikijaribu, ulimi unagoma."

"Sikukuomba umwite baba."

"Ningemwita nani?"

"Ungemwita fundi. Kila mtu anamwita fundi."

Binti alicheka bila kutaka, halafu kicheko kikamkauka. Alivua skafu yake ya sufu, akamzungushia mama yake shingoni, akaifunga fundo zuri mbele kama anavyofungwa mtoto wa shule. Bi Turubai aliubusu mkono ule, akashuka ngazi.

Nje sakitu, umande ulioganda, ilikuwa imelala juu ya maboti, nyeupe, na pumzi yake ilimtangulia kama moshi. Alipita maghala, akapita mizani ya malori, akafuata ukuta mrefu wa bandari mpaka pale ambapo zege linaisha na tope linaanza. Hapo ndipo kilipokuwa kibanda cha watazama ndege, cha mbao, chembamba, chenye benchi moja na dirisha moja refu lililokaa usawa wa macho ya mtu aliyeketi.

Kibanda hiki ndicho kilichomkutanisha na Fundi Boya. Chama cha watazama ndege kilimwagiza ashone pazia la turubai la kuzuia upepo dirishani, na alipoingia kulipima alimkuta mwanaume amekaa peke yake na darubini. Neno la kwanza alilomwambia lilikuwa, "Kaa." La pili, "Maji yamejaa, hatutoki." Alimwona mtu asiye na adabu. Kumbe alikuwa anamweleza sheria.

Kibandani kulikuwa na sheria moja. Maji yakijaa, tope lote hufunikwa, na wale ndege wa majira ya baridi, waliosafiri kutoka mbali sana, hubaki na ukanda mwembamba tu wa changarawe wa kupumzikia, mbele kabisa ya dirisha. Mtu akifungua mlango wanaruka wote. Kila wakiruka kwenye baridi wanaunguza mafuta ya mwilini wanayoyahitaji ili wafike asubuhi. Kwa hiyo maji yakijaa, hakuna anayetoka wala anayeingia mpaka yaanze kupwa, na mazungumzo yote ni ya kunong'ona.

Basi walinong'ona. Mwanaume yule alikuwa fundi wa taa za boya, anayekwenda na boti ndogo kubadilisha taa zilizozimika na kukwangua chumvi. Alimwonyesha kitwitwi, ndege mdogo anayekimbia ukingoni mwa maji kama aliyechelewa mahali. Alimwonyesha sululu mwenye mdomo mrefu uliopinda, na mnandi anayekausha mbawa zake kama mtu aliyefua koti akakosa kamba. Majira mawili ya baridi waliketi benchi lile. Alikuwa mdogo kwake kwa miaka tisa, na kibandani miaka hiyo haikuonekana.

Ilionekana nje. Mama yake fundi alikuja karakana ya maturubai, akasema alichosema. Binti naye akalia kwenye simu. Bi Turubai alimwambia fundi yaishe, na yeye mwenyewe hakukanyaga tena kibandani tangu siku ile. Ndege waliondoka, sasa walikuwa wamerudi.

Ufunguo wake wa chama bado ulifungua. Ndani kulinuka mbao na chumvi. Pazia alilolishona lilikuwa pale pale, limeshika vizuri, na mtu alikuwa amelikunja pembeni kwa uangalifu. Aliketi, akaisogelea darubini.

Stendi ya darubini ilikuwa imeshushwa. Ilimbidi ainame kama anayechungulia tundu la ufunguo. Aliposogeza jicho aliona ukungu mtupu, kwa kuwa kila jicho lina kipimo chake, na hiki hakikuwa kipimo chake. Fundi alikuwa na kawaida, kila akimaliza kutazama, ya kuirudisha lenzi kwenye kipimo cha jicho la Bi Turubai kabla ya kuondoka, ili asihangaike kuitafuta. Sasa ilikuwa imezungushwa mbali sana. Tena, haikuelekezwa kwa ndege. Ilielekezwa nje, kwenye lango la bandari, upande wa bahari.

Alizungusha polepole. Ukungu ukakusanyika, ukawa boya jekundu. Juu ya boya, mtu mwenye jaketi la rangi ya machungwa amejifunga mkanda kwenye chuma, anafungua skrubu za taa. Alikuwa amevua glavu moja. Aliuleta mkono mdomoni, akaupulizia, akaendelea na kazi.

Bi Turubai alimtazama kama anayekunywa maji baada ya mwendo mrefu, bila adabu, bila kupumzika. Alitazama shingo yake ilivyoinama. Alitazama namna anavyoweka kila skrubu mfukoni na kuupapasa mfuko kuhakikisha imo. Mtu yule alikuwa mbali kiasi kwamba kwa macho matupu asingekuwa zaidi ya nukta, na hakujua kwamba anatazamwa.

Kisha aliona mto wa kukalia ukiwa kwenye benchi lile lile, na pakiti ya pipi za tangawizi kwenye ukingo wa dirisha. Mto haukuwa wa chama. Akayaweka pamoja, stendi iliyoshushwa, kipimo cha jicho la mtu mwingine, darubini inayotazama boya. Kuna mwanamke mfupi anayekaa hapa akimwangalia akifanya kazi.

Basi amepata mtu, alijiambia. Nimefurahi. Alijiambia tena, kwa sababu mara ya kwanza haikuingia.

Mlango ulifunguliwa taratibu. Aliingia mwanamke mfupi, mzee, amejifunga mtandio wa sufu, mkono wake mmoja ukipapasa mbao za ukuta.

"Nani yupo?" aliuliza, ingawa kulikuwa kumeshapambazuka.

Alikuwa mama yake fundi.

"Ni mimi, Mama," alisema Bi Turubai, akisimama.

"Sauti hiyo naijua," mama alisema.

"Naondoka sasa hivi. Nilikuja kutazama tu."

"Utaondokaje? Sikiliza."

Nje kulisikika mbawa nyingi zikikunjwa, na zile sauti ndogo za ndege wanaogombea mahali pa kusimama. Maji yalikuwa yamefika. Changarawe yote mbele ya dirisha ilikuwa imejaa migongo ya kijivu.

"Ukitoka wataruka," mama alinong'ona. "Kaa. Ningetoka mimi nikuache, lakini na mimi nimechelewa."

Bi Turubai aliketi. Mama alipapasa benchi mpaka akaupata mto, akaukalia, akapumua.

"Mto ni wako, Mama?"

"Ulidhani wa nani?"

Mama akaanza kutikisika mabega kwa kicheko kisicho na sauti. "Ulidhani kuna msichana."

"Nilidhani."

"Msichana mfupi, anayekula pipi za tangawizi kwa ajili ya kikohozi. Mwanangu angekuwa na kazi kweli."

Bi Turubai naye alicheka, mkono mdomoni. Kilikuwa kicheko kilichokaribiana sana na kitu kingine.

"Ulipomwacha," mama alisema, "nyumbani akawa hasemi. Si hasira, hasira yake naijua. Anakula, anaosha sahani, anasema asante Mama, anakwenda kulala. Nikasema, labda kazini anacheka. Nikamwomba katibu wa chama ufunguo, nikaja kumchungulia mwanangu kama mpelelezi."

"Anacheka?"

"Hacheki. Mwanzoni alikuwa anapiga mluzi, niliuona mdomo. Siku hizi sijui."

"Kwa nini hujui?"

Mama alitafuta pipi, akaikosa, akaipata. "Niambie kama amevaa kofia."

"Darubini iko mbele yako, Mama."

"Nimesema niambie."

Bi Turubai alimgeukia. Macho ya mama yalikuwa mazuri, meusi, yametulia, na yalitazama kidogo pembeni ya mahali alipokuwa. Hapo akaelewa kwa nini lenzi ilikuwa imezungushwa mbali vile. Haikuwa kwenye kipimo cha jicho la mtu yeyote. Ilizungushwa na mtu aliyekuwa akitafuta kuona, akaendelea kuzungusha mpaka ilipogoma.

"Huoni," alinong'ona.

"Naona mwanga. Nakuona wewe kama kitu cheusi kikubwa. Usikasirike, siku hizi kila mtu ni kitu cheusi kikubwa."

"Daktari anasemaje?"

"Presha ya macho. Kilichokwenda kimekwenda, na kilichobaki kinafuata njia. Ni kijana mwenye moyo, yule daktari. Aliacha wagonjwa wengine akanishika mkono mpaka barabarani."

"Fundi anajua?"

"Hajui. Nyumbani natembea kwa mazoea, kila ngazi naijua. Nikimwaga chumvi nasema mkono unatetemeka. Hapa nashika ukuta wa bandari mpaka unapoisha. Kazi ikiisha ananipitia, ananishika mkono. Anadhani naogopa kuteleza." Akaguna. "Sasa niambie. Amevaa kofia?"

Bi Turubai aliweka jicho. "Amevaa. Ya kijivu."

"Ile uliyomfumia."

"Ile ile."

"Nilitaka kuitupa. Nikaifua. Sufu ukiifua kwa maji ya moto inasinyaa, basi nikaifua kwa ya baridi mpaka vidole vikafa ganzi. Nikajiuliza, wewe mwanamke, unaichukia kofia hii au unaitunza?"

Waliketi bega kwa bega. Nje sululu mmoja aliuchomeka mdomo wake mrefu chini ya bawa, akalala kwa mguu mmoja.

"Nilikuja kwako nikasema maneno," mama alisema. "Yarudie. Nataka kujua kama ni mabaya kama ninavyoyakumbuka."

"Mama, yaache."

"Yarudie."

"Ulisema mimi nimeshalea nimemaliza. Kwamba mwanao anahitaji mtu wa kuanza naye maisha, si wa kumalizia naye."

"Ni mabaya zaidi," mama alisema.

"Yaliniumiza kwa sababu nilikuwa nimeshajiambia mwenyewe. Wewe ulinirudishia tu."

"Na ulinipa kiti siku ile. Nimekuja kukutukana, ukanipa kiti, ukanifutia vumbi. Nilikwenda nyumbani na hasira ya kile kiti."

"Umekubali sasa, Mama?"

"Sijakubali. Nimechoka kukataa." Alimgeukia ule upande aliodhani ndipo uso ulipo. "Bandari nzima inasema unahama leo. Sikiliza basi. Akija kunichukua nitamwambia aende nawe. Ni fundi, taa ziko kila mahali, hata huko bara watu hawakai gizani."

Ndilo neno ambalo Bi Turubai alilisubiri majira mawili ya baridi na mwaka mzima wa kujikaza. Lilikuwa limekuja, mkononi mwake, la moto.

"Na wewe?" aliuliza.

"Mimi nina ukuta."

"Ukuta?"

"Nimekwambia nashika ukuta nafika. Usimwambie habari ya macho. Akijua hatakwenda."

"Ndiyo maana unamficha."

"Ndiyo maana."

"Twende wote basi. Binti yangu ana nyumba."

"Niende mji ambao sijui ngazi zake? Nikakae kwenye kona kama mzigo, unifunike turubai?"

"Unataka nimchukue mtoto wa mama asiyeona, halafu nilale usingizi?"

"Nakupa! Hunyang'anyi."

Sauti ilikuwa imepanda. Nje ndege walishtuka, shingo zote zikainuka, wachache wakafungua mbawa. Wanawake wale wawili walishikana mikono bila kujua nani ameanza, wakaacha kupumua. Polepole shingo zilishuka. Mbawa zikakunjwa. Walikaa hivyo, mkono ndani ya mkono, muda mrefu baada ya ndege kutulia.

"Utamwambia leo jioni," Bi Turubai alinong'ona. "Wewe mwenyewe, kwa mdomo wako. Usipomwambia nitampigia simu nimwambie mimi."

"Una roho ngumu."

"Sina, Mama. Ningekuwa nayo nisingetetemeka hivi."

Mama aliusikia ule mtetemeko mkononi mwake, kwa hiyo hakubisha. "Jioni," alisema.

Maji yalianza kurudi. Ukanda wa tope ulitokea, ukang'aa, na vitwitwi wakautangulia wengine, wakakimbia na kusimama, wakakimbia na kusimama. Boti ya kazi iliingia gatini. Baadaye hatua zilisikika kwenye changarawe, na mlango ukafunguliwa.

"Mama, umekaa sana leo, utapata..." Fundi Boya alinyamaza.

Alisimama mlangoni na kofia yake ya kijivu, uso umechomwa na baridi. Alimtazama Bi Turubai kama mtu anayeogopa akipepesa macho kitu kitaondoka. Bi Turubai naye alijaribu kutazama pembeni, akashindwa. Wote wawili walikuwa wamekonda. Kila mmoja aliuona wembamba wa mwenzake, akamhurumia.

"Funga mlango, unaingiza baridi," mama alisema. "Tena sikiliza kabla hujakaa. Huyu anasafiri leo. Mimi sina neno tena. Ukitaka kwenda naye, nenda. Sasa nipisheni, nakwenda kusimama nje. Maji yamepwa, nina ruhusa."

Aliinua mkono kutafuta mlango. Kabla mkono haujaanza kupapasa, Bi Turubai alikuwa ameshamfungulia na kumwegemezea kiganja kwenye mbao, kama heshima ya kawaida tu ya kumfungulia mkubwa mlango. Fundi hakuona chochote.

Walibaki wawili.

"Nimesikia vizuri?" aliuliza.

"Umesikia."

"Basi nipe wiki moja. Niombe ruhusa, nikabidhi vifaa. Nitakuja na basi lile lile." Maneno yalikuwa yakimtoka haraka, mtu ambaye mama yake alisema hasemi. "Nitapanga chumba changu, binti yako asikwazike. Nitamwachia muda. Hata mwaka. Kitwitwi, kwa nini unalia?"

Jina hilo alimpa siku za mwanzo, kwa sababu ya mwendo wake wa hatua fupi za haraka. Hakuna mwingine aliyelijua.

"Usije," alisema.

Fundi alidhani hakusikia vizuri. "Nini?"

"Usije, fundi. Baki hapa."

"Binti yako amekataa tena?"

"Binti hajui kama niko hapa na wewe."

"Basi ni watu. Bado unaogopa watu."

"Watu nimeshawazoea."

"Basi hunipendi, na ungeniambia hivyo tangu mwanzo nisingekuwa nasafisha dirisha hili kila wiki kwa ajili ya mtu asiyekuja." Sauti yake ilivunjika katikati, akageukia darubini, ili awe na kitu cha kufanya. Aliinama, akaweka jicho. "Hiki ni kipimo cha jicho lako," alisema. "Na imeelekezwa kwenye boya."

"Nilikuwa natazama ndege."

"Kwenye boya hakukuwa na ndege leo."

"Palikuwa na mmoja. Ana kofia ya kijivu."

Fundi alikaa chini benchini. Bi Turubai aliketi karibu yake. Alimvua ile glavu moja, akaushika mkono uliokuwa umepasuka kwa chumvi, akaupulizia kama alivyomwona akiupulizia mwenyewe kule juu, peke yake.

"Siwezi kukwambia sikupendi," alisema. "Hata kwa kunong'ona nisingeweza. Jioni mama yako atakwambia jambo. Ukishalisikia utajua sikukukataa."

"Niambie sasa."

"Si langu kulisema."

"Ni kubwa?"

"Ni kubwa. Ungejua sasa, ungebaki mwenyewe bila kuambiwa, nami nisingekuwa na haja ya kukuumiza. Lakini nimempa mpaka jioni aseme mwenyewe. Anastahili hilo."

Fundi alimtazama. Alikuwa mtu aliyezoea kusubiri maji, na aliujua uso huu. "Na wewe?" aliuliza. "Ukimaliza kulea mjukuu?"

"Usinisubiri."

"Sikuuliza hivyo."

"Najua ulichouliza." Alimvuta kichwa, akaliweka paji la uso wake kwenye paji lake, kofia ya sufu ikimkwaruza nyusi. Walikaa hivyo mpaka kibanda kikawa kimya kiasi cha kusikia tope likipasua mapovu nje. Kisha alimvisha glavu, kidole kimoja kimoja, akasimama.

"Usitoke," alisema. "Ukitoka nitageuka, na nikigeuka basi litaondoka bila mimi, na mwanangu atajifungua peke yake."

Hakutoka. Bi Turubai alipofunga mlango alimsikia akiizungusha lenzi, ile milio midogo ya chuma, mbele na nyuma, mbele na nyuma, ya mtu ambaye hatazami kitu.

Mama alikuwa amesimama mwanzo wa ukuta, kiganja juu ya zege, uso ameuelekeza kwenye jua dogo la asubuhi.

"Amesema anakuja lini?" aliuliza.

"Nimemkatalia, Mama."

Shakwe walipita juu wakipiga kelele zao. Mama alisubiri wapite wote.

"Mjinga wewe," alisema taratibu.

"Ndiyo, Mama."

"Nilikuwa nimeshajipanga. Nimehesabu mpaka sufuria nitaziweka wapi."

"Najua."

Mama alinyoosha mkono, ukagusa koti, ukapanda begani, ukafika shavuni, ukakuta limelowa. Aliacha kiganja pale. Kilikuwa cha baridi na chepesi, na hakikufuta kitu, kilikaa tu.

"Nenda," alisema. "Mwanao anasubiri. Mwambie ainue miguu juu ya mto, wenye mimba huvimba wakisafiri."

"Nitamwambia."

Alikuwa amepiga hatua chache alipoitwa tena. Mama hakuinua sauti. Alisema kule kule alikosimama, akiuelekea upepo, kama hana hakika mtu bado yupo wa kumsikia.

"Mtoto akishaweza kukaa, mlete. Si kwa ajili ya fundi, hayo yenu mtajua wenyewe. Mimi ndiye nakuomba, uje unitembelee. Nyumba yangu ni ya pili ukitoka sokoni, yenye mlango wa kijani. Nadhani bado ni wa kijani. Uje uniambie."